Baiskeli ya Rangi ya Bilinganya

Tarehe 3 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila mwanao ana mafua na anataka dunia nzima ijue. Jana alikunywa chai kikombe kimoja huku akiguna kama mtu aliyebeba jiwe la kusagia.

Nakuandikia kwa shida ya kazi. Kuna baiskeli ya jirani, ya zamani, fremu yake ya chuma kabisa. Rangi imebabuka na kutu imeanza kula kwenye maungio. Nimejitolea kuipaka upya hapa nyumbani. Najua utasema fundi wa nguo na rangi wapi na wapi. Lakini wewe umepiga rangi magari karakana tangu kabla sijazaliwa, na mwanao nikimuuliza ananijibu, "Piga tu, itakauka." Ungekuwepo ningekuuliza tukiwa jikoni. Basi niambie naanzia wapi, pole pole, kama unamwambia mtu asiyejua hata kopo linafunguliwa upande gani.

Mapacha wa wifi wanaendeleaje? Tumesikia wameanza kutembea na tumefurahi sana. Nilitaka kuuliza neno moja hapa, lakini naliacha, maana si langu kuliuliza.

Mkweo,
Sindano


Tarehe 11 Februari

Sindano mwanangu,

Marahaba. Kwanza ujue mwandiko huu ni wa wifi yako. Mimi nimembeba pacha mmoja na mwingine ananivuta gauni, kwa hiyo nasema na yeye anaandika. Nimemwambia aandike ninachosema tu, asitie chumvi.

(Wifi, sitii chumvi. Ila mapacha wote wawili wamelala.)

Umefanya vizuri kuandika badala ya kupiga simu. Simu ni ya kujuliana hali. Kazi inaandikwa, ili ukisahau urudie kusoma, usinisingizie baadaye.

Haya. Vua kila kitu. Magurudumu, usukani, pedeli, mnyororo, uma wa mbele, vyote, ibaki mifupa mitupu. Mtu anayepaka rangi baiskeli ikiwa imevaa ni sawa na anayepiga nguo pasi na mwenye nguo yumo ndani. Matundu yote yenye nyuzi za skrubu yazibe kwa karatasi, la sivyo utakuja kulia wakati wa kufunga. Kisha piga msasa mpaka uone chuma. Anza na mkali, malizia na laini. Hapo ndipo watu wanapodanganya, na rangi huwa haina siri, itakusema mbele za watu. Ukimaliza, futa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na kitambaa safi. Nikisema safi namaanisha safi. Halafu usiguse tena kwa vidole, vidole vina mafuta hata kama umenawa. Rangi ya msingi mikono miwili, yaani uipitishe mara mbili, myepesi. Ikauke. Rangi yenyewe mikono mitatu, myepesi vilevile. Ukiona inataka kutiririka, umeshazidisha.

Tafuta chumba kisicho na vumbi, ufungue dirisha, ufunge pua kwa kitambaa, na sakafu uinyunyizie maji kidogo ili vumbi litulie.

Kwa habari ya chumba. Mwanangu alimpigia dadake simu, na kati ya mafua na habari za mvua akasema kitanda changu mmekitoa na chumba mnakifanyia kazi. Nyumba ni yenu. Mimi huku ni mgeni, nakaa nilipowekwa na nala nilichopikiwa, na sina neno. Ila nilikuja kulea mpaka watoto watembee, na sasa wanatembea mpaka wanavunja vyombo, na hakuna aliyeniambia rudi. Hilo usilijibu, nilikuwa najisemea.

(Ameniambia nilifute. Sijalifuta.)

Mama


Tarehe 24 Februari

Mama,

Shikamoo. Rangi imenikataa.

Nieleze kwa utaratibu. Baiskeli niliivua, kila skrubu nikaiweka kwenye kopo langu la vifungo, mpaka mteja mmoja alipewa skrubu badala ya kifungo na akaenda nayo. Msasa nilipiga nje, siku baada ya siku, kila nilipomaliza kushona. Chini ya ile rangi nyekundu nikakuta krimu. Chini ya krimu, njano ya teksi. Chini ya njano, kijani kama cha milango ya hospitali. Nilicheka peke yangu, nikasema jirani huyu alikuwa hatulii! Kwenye bomba la juu kuna mbonyeo, mdogo, unaoenea kidole gumba. Mwanao alisema nimpelekee fundi auzibe. Nimekataa, nimeuacha ulivyo.

Maungio niliyasafisha kwa kipande cha msasa nilichokikunja na kukivuta huku na huku kama ninayepiga kiatu rangi. Chuma kikang'aa mpaka nikajiona pua. Siku ile sikuwa na nafasi ya kupuliza, kwa hiyo niliitunza vizuri isishike kutu, na kesho yake nikapuliza rangi ya msingi. Mama, badala ya kukaa, rangi ikakimbia. Ikajikusanya pembeni na kuacha viduara viduara, kama uso wa mtu aliyetoka tetekuwanga. Nikaongeza nyingine juu, ikakimbia tena. Mwanao akaja, akatazama, akasema labda fremu inaona haya. Nilimtoa chumbani na ufagio.

Nimekosea wapi?

Kuhusu kitanda, ni kweli tumekitoa. Naomba usiniulize zaidi kwa sasa. Nitakueleza.

Mkweo,
Sindano


Tarehe 4 Machi

Sindano,

Nikuulize swali. Kila jioni ukimaliza kushona, cherehani yako unaifanyaje? Unaifuta kwa kile kitambaa chako cha mafuta, ili isishike kutu. Nimekuona miaka yote. Sasa niambie fremu nayo hukuifanya hivyo hivyo. Ulipoandika "niliitunza vizuri" nilimwambia wifi yako asimamishe kusoma, nikacheka mpaka mapacha wakaanza kucheka bila kujua tunacheka nini. Rangi na mafuta havikai nyumba moja, mwanangu. Ni wewe tu duniani ambaye ungeweza kuipaka fremu mafuta ili ipendeze kwa rangi.

Dawa yake: kwangua yote uliyopuliza. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, kausha. Futa kwa tina, tupa kitambaa, chukua kingine, futa tena. Kile kitambaa cha cherehani kifungie kabatini na ufunguo mpe mumeo.

Sasa la pili, na hapa sicheki.

Ile krimu ni ya gari la maharusi ambalo bwana harusi aligonga nguzo wiki moja kabla ya harusi. Njano ni ya teksi kweli, uliona vyema. Kijani ni cha gari la wagonjwa. Kila rangi iliyobaki kwenye kopo pale karakana, niliipa baiskeli yangu. Hakuna jirani asiyetulia. Aliyekuwa hatulii ni mimi. Na mbonyeo niliupata nikimpeleka mumeo shule. Alikuwa amekaa hapo kwenye bomba, akanishika shingo badala ya usukani, tukaingia kwenye mkokoteni wa matofali. Alikuwa na kaptula mpya na ndiyo aliyoililia, mimi hakuniuliza kama nimeumia.

Kwa hiyo kitanda kimetoka, na baiskeli inapakwa rangi ipate mwenyewe mwingine. Mtu ambaye bado ana kwake hafanyiwi hivyo. Sikatai, vijana wanataka nafasi. Ila ningependa mniambie kwa mdomo wenu, si nijue kwa kusoma rangi. Nimeumia, Sindano. Nimesema ili isikae moyoni.

Nitabaki huku.

Mama

(Wifi, mmefanya nini huko? Baada ya kuniambia niandike haya ameenda kukaa nje na hajala.)


Tarehe 9 Machi

Mama yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mteja alikuwa ananisubiri nimpime kiuno. Nilimwambia aende arudi kesho.

Hakuna jirani. Nilidanganya. Nilitaka ukirudi uikute mpya, umalize kusema "hii ya nani?" halafu nikuambie ni yako. Ukiniuliza kwa nini nikakuandikia wewe, basi ni kwa sababu hakuna mwingine anayejua, na pia kwa sababu nilikuwa natafuta sababu ya kukuandikia. Kitanda nilikitoa kwa sababu chumba chako ndicho pekee kisicho na vumbi. Barabara iko upande wa pili, na wewe mwenyewe kila siku ulikuwa unasema vumbi ndilo adui wa mpiga rangi. Kitanda kiko sebuleni kimesimama ukutani, mwanao anakigonga kwa goti kila akipita na kukitukana. Godoro nimelishonea foronya mpya kubwa. Hakuna aliyekaa chumbani kwako, Mama, isipokuwa fremu.

Wewe ulisema hakuna aliyekuambia rudi. Sisi huku tulikuwa tunasema hakuna aliyetuambia anarudi. Mwanao husema, "Mama havutwi kwa kamba, akitaka kuja atakuja, pengine amepapenda huko." Na mimi nililelewa kwamba mkwe haitwi kama anavyoitwa fundi wa bomba. Nikanyamaza. Kumbe adabu nayo ikizidi inakuwa ujinga.

Pole kwa krimu na njano na kijani. Ningejua ningeziacha.

Fremu imekubali rangi. Nilifuata ulivyosema neno kwa neno, na kitambaa cha mafuta kiko kabatini. Imening'inia kwenye ile fimbo ninayotundikia magauni, na kila saa naenda kuichungulia. Rangi nimechagua zambarau iliyokolea. Mwanao anaiita rangi ya bilinganya. Ukiiona mchana karibu na dirisha, inapendeza mpaka mtu unataka kuishonea koti.

Rudi ule, Mama. Wifi amesema hujala.

Mkweo,
Sindano


Tarehe 17 Machi

Sindano mwanangu,

Safari hii wifi yako nimemwambia aandike kila kitu, hata nikikohoa.

Mpiga rangi anayelilia rangi ya chini hajui kazi yake. Msasa ni sehemu ya kazi, usinipe pole. Bilinganya! Mtu mzima kama mimi juu ya bilinganya! Lakini nimeifikiria usiku na mchana, na naona umechagua vizuri. Zambarau sikuwahi kubakiza kopo, hakuna mwenye gari aliyeitaka.

Nami nina la kusema. Sikuja huku kwa sababu ya mapacha tu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza kidogo, nikasema ni uchovu, na sasa kijiko kikifika mdomoni kimebaki nusu. Ndiyo maana siandiki mwenyewe. Unakumbuka ile chai iliyomwagikia kitambaa cheupe cha mteja wako, ulichokuwa umekitandaza mezani tayari kukikata? Mwanangu alipouliza, ulisema ni wewe uliyemwaga. Nilikuwa mlangoni, nilisikia. Ulisema kwa haraka, kama mtu aliyezoea. Nikajua umeshanifichia mara nyingine ambazo hata sizijui. Wiki iliyofuata wifi yako akajifungua, nikasema afadhali, naenda mahali ambapo hakuna vitambaa vya watu.

Sikutaka uwe unasema uongo kwa ajili yangu kila siku. Unaanza na chai, kesho unaniosha, keshokutwa unanichukia. Nimeyaona hayo kwa wengine.

Kwa hiyo baiskeli umeipendezesha na Mungu akubariki, lakini breki sitaweza kuikamata. Mkono unaikosa. Mpe mtu anayeendesha. Mwambie asiiache juani.

(Hapa amekohoa. Wifi, daktari anasema hauui, ni mtetemeko tu, na dawa anakunywa. Ila hataki niwaambie. Nimewaambia.)

Mama


Tarehe 23 Machi

Mama,

Nilijua.

Nilijua kabla ya chai. Uliacha kutunga uzi kwenye sindano, ukasema ni macho, lakini macho yako yanaona vumbi juu ya kabati kutoka barabarani. Halafu barua yako ya kwanza ikaja na mwandiko wa wifi, na mapacha "wamelala." Kuhusu kile kitambaa cheupe, nilikikata upande mwingine, doa likaingia kwenye pindo, na yule bibi anavaa gauni lake mpaka leo. Sikukufichia kwa sababu nakuonea huruma, Mama. Nilikufichia kwa sababu mwanao angekutengea kiti na kukuambia "usiguse kitu," na ninakujua, ungekufa kwa hasira kabla ya ugonjwa.

Na kukuchukia, sijui nitapata wapi nafasi. Miaka yote hii, wewe ndiye uliyekuwa unaniita mwanangu bila kwanza kusita.

Sasa sikiliza habari ya breki. Gurudumu la nyuma siyo lile. Kabla sijaanza msasa nilimtuma mwanao bila kumwambia sababu, akazunguka kwa mafundi mpaka akapata lile la breki ya kukanyaga, ambalo ukirudisha pedeli nyuma linasimama lenyewe. Usukani umebaki mtupu, hauna cha kukamata hata kimoja. Miguu yako haitetemeki, nimekuona ukipanda ngazi. Uwanja wa nyuma ni mkubwa, tutaanza hapo, nami nitakimbia pembeni nikiwa nimeshika kiti, na majirani wacheke.

Kimebaki kitu kimoja. Ile mistari myembamba uliyokuwa unaipiga kwa brashi ndefu kuzunguka maungio. Nimenunua rangi nyeupe na brashi. Nimejaribu kwenye chupa tupu. Kwenye kitambaa mkono wangu hauna mfano, lakini bomba ni la mviringo na mstari unapanda mgongoni kama kuku aliyefukuzwa. Nimekata tepu ya karatasi kama ninavyokata patani ya gauni, nayo ikaacha kingo zilizochanika. Baada ya mistari ndiyo vanishi, na vanishi ikishakauka hakuna tena cha kuongeza. Fremu inasubiri.

Nilisema mkwe haitwi. Basi leo nakuita, na kama ni utovu wa adabu nitakuomba radhi ukiwa hapa. Rudi nyumbani, Mama. Si kwa sababu ya baiskeli. Rudi kwa sababu nyumba imekuwa na utulivu ambao siupendi.

Mkweo,
Sindano


Tarehe 30 Machi

Sindano

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Usiucheke.

Usipige vanishi.

Nakuja.

Mama


Tarehe 10 Aprili

Wifi yangu,

Mama amefika salama. Mwanawe alimpokea kituoni, wakafika nyumbani wakiwa tayari wamegombana kuhusu mzigo, yeye anataka kuubeba, mama hataki. Nilimpikia, nikamtandikia sebuleni, nikamwita "karibu Mama" kila alipogeuka. Akajibu "asante" kila mara, kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutembea. Akala kidogo. Akakaa nilipomwekea kiti. Wifi, upole ule uliniogopesha kuliko hasira yake.

Leo asubuhi baada ya chai alisema, "Nipeleke." Nikampeleka. Akaizunguka fremu. Akainama, akatazama chini ya kila ungio, mahali ambapo mtu mvivu huacha, akapitisha kidole kwenye ule mbonyeo. Akasema, "Hapa umezidisha kidogo." Ni kweli, kulikuwa na tone moja, ukubwa wa punje. Akasema, "Nyingine zote sina neno." Nilitoka nje kidogo nikajifuta macho kwa gauni.

Kisha akaomba brashi. Akaishika, mkono ukaanza. Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ukaendelea. Nikasema, "Mama, nikushikie?" Akasema, "Shika fremu, uizungushe ninaposema." Basi mimi nikawa nazungusha pole pole, yeye brashi ameituliza mahali pamoja, na mstari ukawa unatoka. Alipofika mwisho wa ungio la kwanza tuliutazama. Wifi, ulikuwa umepinda. Ulipanda, ukashuka, mahali pengine mnene, mahali pengine kama uzi. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikachukua kitambaa chenye tina, rangi bado mbichi, nikamwambia, "Mama, nifute tujaribu tena?"

Akaniangalia kama alivyokuwa ananiangalia zamani nikichoma wali. "Ukifuta nakupiga na hilo kopo," akasema. "Mkono wangu ndio huo. Wewe zungusha."

Tukapiga maungio yote. Kila mstari umepinda kwa namna yake. Mistari ilipokauka nikapuliza vanishi juu, mikono miwili, naye amesimama mlangoni ananigombeza kwamba nasogea haraka, kwamba kopo nimelileta karibu mno, kwamba kitambaa cha pua kimelegea. Sasa inakauka.

Nilienda sokoni. Niliporudi nikakuta amefungua makabati yote ya jikoni. Sufuria zangu amezitoa, amezipanga upya, kubwa zimeenda chini, vikaango juu, chumvi ameihamishia mahali ambapo sijapagundua mpaka sasa. Kikombe kimoja kimevunjika, vipande ameviacha sakafuni wazi wala hakuvificha. Hakuniuliza chochote. Nilisimama mlangoni na kapu langu, akaniambia bila kugeuka, "Mwanamke, jiko hili lilikuwa linatia aibu."

Nikajua amerudi, wifi. Nikaweka kapu chini nikamwambia, "Ndiyo, Mama," na nikaanza kumpa sufuria zilizobaki.

Wifi yako,
Sindano